Kiwanja cha Ndundu na kimo cha maji

Msafiri wa Kilwa au Lindi wa miaka ya 1990 aliijua Ndundu kwa jambo moja: kusubiri pantoni ya kuvuka Mto Rufiji. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, Ndundu ikawa mahali pa kupita tu. Lami ilipofika Somanga, ikawa mahali pa kutamaniwa. Wanaotoka Dar es Salaam kutafuta shamba au kiwanja huniuliza kwanza umbali kutoka barabarani. Mimi huwauliza kimo kutoka kwenye maji.

Rufiji hukusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 177,000, na zaidi ya nusu ya maji hayo huletwa na Mto Kilombero. Kwa hiyo mto unaweza kufurika Ndundu wakati jua linawaka na hakuna wingu hata moja. Mvua ilinyesha mbali, siku nyingi zilizopita. Anayetazama mbingu ya hapa ili ajue hatari atakuwa amechelewa.

Wandengereko na majirani zao walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana makazi yao yalikuwa ya sehemu mbili. Bondeni walilima mpunga wa masika, na mafuriko yakishapungua wakapanda mlau, yaani mahindi na kunde kwenye tope lililobaki na unyevu. Humo walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, ili maji yapite chini na wao walinde mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Juu, kwenye mchanga usiofikiwa na maji, kulikuwa na mikorosho na minazi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde na kuwaweka kwenye vijiji vya juu. Watu waliokoka na maji, lakini mashamba yalibaki chini, mbali, bila walinzi. Mtafiti Kjell Havnevik ameeleza kwa kirefu jinsi uamuzi ule ulivyovuruga kilimo cha Rufiji. Wengi walirudi bondeni kwa msimu, na madungu yakasimama tena. Kwangu hicho ndicho kipimo cha mahali pazuri hapa: nyumba iwe juu, shamba liwe chini, na kati yake pawe na mwendo ambao mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuutembea asubuhi na kurudi jioni.

Wapo wanaosema bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limemaliza habari ya mafuriko. Lilianza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 maji yaliingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti. Bwawa hupunguza mafuriko ya kawaida, lakini mvua ikizidi nafasi iliyobaki ndani yake, maji lazima yafunguliwe. Tena huzuia tope lililokuwa likirutubisha mlau, kwa hiyo anayenunua shamba la bondeni kwa sababu ya rutuba aipime rutuba ya leo, si sifa za babu.

Njoo uone kiwanja Aprili, usije Septemba. Waombe wazee wakuonyeshe maji ya 1998 na ya 2024 yalifika kwenye mti gani au ukuta gani. Chimba kidogo: udongo mweusi unaopasuka kiangazi ni wa mpunga, haufai kwa msingi wa nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukingo wa Rufiji husogea. Kama ardhi ni ya kijiji, mwenyekiti hawezi kukugawia peke yake. Shauri linapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Muhuri wake mmoja kwenye karatasi usikutoe pesa mfukoni.

Delta ya Rufiji ni habari nyingine. Kule mikoko imefunika takriban hekta 53,000, nayo ni msitu wa hifadhi ambao hauuzwi kwa yeyote. Maji ya bamvua huingia hadi kwenye vijito vya mashamba, na chumvi ikipanda, mpunga hukauka umesimama. Nenda Nyamisati, panda boti, ukae siku mbili tatu kama mgeni. Kisha urudi Ndundu, utafute mchanga mwekundu wenye mikorosho mikongwe: mkorosho hauvumilii mizizi yake kukaa majini, na ule uliozeeka pale umeshayaona mafuriko kadhaa bila kufikiwa.