MKONGE NA ARDHI INAYOUFAA: MAELEZO KWA WAKULIMA WA SUMA

Wakulima wa Suma, wilayani Rungwe, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kutoa shamba la migomba au la chai kwa ajili ya mkonge, zao ambalo Serikali imelihesabu miongoni mwa mazao ya kimkakati.

Mkonge ni wa jenasi ya agave, mimea yenye majani manene ambayo asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na ndiyo iliyoanzisha mashamba ya nchi hii.

Mmea huu hustahimili ukame kwa sababu hufungua matundu madogo ya majani yake usiku, wakati wa ubaridi, na kuyafunga mchana jua linapowaka. Kwa njia hiyo hupoteza maji kidogo mno. Lakini mizizi yake ni mifupi na haivumilii maji yaliyotuama. Ndiyo maana umestawi Tanga na Morogoro, ilhali sehemu za Tukuyu zinazopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka hufaa zaidi chai na ndizi.

Tena mkonge hauna mavuno ya haraka. Majani ya kwanza hukatwa baada ya miaka miwili hadi mitatu. Kila kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo 4 tu za singa kavu, na majani hayo yanatakiwa kufikishwa mapema kwenye mashine ya korona kabla hayajakauka. Mkulima aliye mbali na korona atakuwa anasafirisha maji matupu.

Mwishowe mkonge huchanua mara moja tu. Mlingoti wa maua hupanda mita 5 au zaidi, miche midogo huchipua juu yake, kisha mmea mama hufa.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu anashauriwa kumwona kwanza Afisa Ugani, kuchagua mteremko mkavu usiotuamisha maji, na kupanda sehemu ndogo tu. Mgomba unaolisha nyumba usikatwe kwa tamaa ya zao ambalo ardhi yake iko kwingine.