Saa Kumi Alfajiri Wodini

Saa kumi alfajiri muuguzi anahesabu matone ya dripu huku akitazama saa ya mkononi. Akifika kumi na mbili hesabu inampotea, anaanza upya. Mara ya tatu anashtuka: macho yalikuwa wazi lakini hakuwa akiona kitu. Ule ulikuwa usingizi wa sekunde chache, na humpata mtu hata akiwa amesimama wima.

Tumezoea kusema uuguzi ni wito. Ni kweli, ila neno hilo limewafanya wengi waone haya kusema wamechoka. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kuwa aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa piga hesabu. Dada aliyeamka saa moja asubuhi, akafua, akapika, kisha akaingia zamu saa mbili usiku, hutimiza saa hizo 17 saa sita usiku, na kuna wagonjwa wanaomtegemea hadi kukuche.

Ndiyo maana kinga huanzia nyumbani, kwa kulala mchana kabla ya zamu ya kwanza ya usiku, hata kama ni saa moja na nusu tu. Kahawa inywewe mapema zamuni. Ukiinywa alfajiri itakunyima usingizi asubuhi. Usingizi wa dakika 20 kwa kupokezana unasaidia sana, mradi mwenzako ajue na usishike sindano mara tu unapoamka, maana akili huchelewa kurudi. Insulini na potasiamu zihakikiwe na watu wawili, hasa saa hizo za alfajiri.

Lakini haya yote ni viraka kama ratiba yenyewe ni mbovu. Anayetoka zamu ya jioni saa tatu usiku na kutakiwa arudi saa moja asubuhi, ukitoa safari ya daladala, kuoga na kula, analala saa ngapi? Matroni anayepanga ratiba hiyo anajua jibu, kwani naye aliwahi kuifanya. Uhaba wa watumishi upo, ila zamu za namna hiyo ndizo za kufutwa kwanza.

Na wewe unayeishi na muuguzi: akirudi asubuhi, funga pazia, watoto wachezee nje, na usimgongee mlango saa tano kuuliza sukari iko wapi.