Chakula cha Kuku na Rangi ya Kiini cha Yai

Wakati wa kupanda maharage na mahindi, wakulima wengi wa Murusagamba huwafungia kuku wao, maana wakiachwa hufukua mbegu zote. Ni jambo la busara. Lakini baada ya majuma mawili hivi mwenye kuku huvunja yai akaona kiini kimepauka, karibu kuwa cheupe, na mnunuzi humwambia kwamba hilo si yai la kienyeji. Kuku ni yule yule. Kilichobadilika ni chakula.

Kuku hawezi kutengeneza rangi ya njano mwilini mwake. Huipata katika majani mabichi na mahindi ya njano, nayo hukaa katika mafuta ya kiini. Kiini hujazwa tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa hujazwa katika siku kama 10 za mwisho kabla yai halijatagwa. Kwa hiyo ukibadilisha chakula leo, usitazamie kuona tofauti kesho.

Kuku aliyefungiwa hupewa mahindi meupe, pumba, maganda ya mihogo na ugali uliobaki. Vyakula hivi vyamshibisha, lakini njano yake ni kidogo mno. Hata mtama mwekundu hausaidii, kwa kuwa wekundu wake hauingii katika yai.

Dawa yake ni majani, nayo hayana gharama. Kila siku mpe kila kuku konzi moja ya mchicha au matembele. Yafunge kwa kamba, uyaning'inize ili kuku wayadonoe bila kuyakanyaga. Kisamvu kibichi kina sumu. Kikatekate na kukianika mpaka kikauke kabisa kabla ya kuwapa. Mwezi wa Juni, kabla kiangazi hakijakaza, kausha majani mengine kivulini na kuyaweka. Jua kali huharibu njano yake. Pilipili nyekundu iliyosagwa pia hukoleza kiini, na kuku hasikii ukali wake hata kidogo.

Lakini usidanganyike na rangi peke yake. Njano hiyo siyo vitamini A. Majani ni bora kwa sababu huleta vyote viwili, rangi pamoja na kitu ambacho mwili wa kuku hukigeuza kuwa vitamini A. Kuku aliyeikosa muda mrefu hutaga mayai machache, mengine hayaanguliwi, na vifaranga wanaotoka huwa dhaifu. Basi mayai ya kuatamiwa yasitoke kwa kuku aliyekaa kifungoni bila majani. Hapo hasara ni kubwa kuliko maneno ya mnunuzi.

Wenzetu wa Biharamulo walio karibu na pamba wajihadhari na mashudu yake. Yakizidi, kiini cha yai lililowekwa siku nyingi hugeuka kijani au hudhurungi, na ute huwa na rangi ya waridi. Mashudu ya alizeti hayana kosa hilo. Dagaa ni chakula kizuri cha kujenga mwili, ila wakizidi yai hunuka samaki.

Ganda ni habari nyingine. Rangi yake, nyeupe au ya kahawia, hutokana na ukoo wa kuku, na chakula hakiibadilishi. Ugumu wake ndio unaotegemea chakula. Kila ganda hutumia gramu 2 hivi za chokaa ya mwilini, na kuku asipoipata katika chakula huitoa katika mifupa yake. Maganda laini huvunjika njiani kabla hujafika sokoni. Choma mifupa, uisage, uiweke katika chombo peke yake ili kila kuku ale kadiri apendavyo. Maganda ya mayai nayo yafaa, lakini yachome kwanza na kuyaponda yawe unga. Kuku akiyaona yakiwa na sura ya yai atajifunza kula mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo ikiingia bandani ni taabu kuiondoa.

Maji safi yawepo kutwa nzima. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na kuku aliyekaa na kiu hupunguza kutaga upesi.