Kupoza tangi la samaki wakati wa kaskazi

Kuanzia Desemba hadi mwishoni mwa Machi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kutoka Palma kupitia Mocímboa da Praia na Ibo hadi Pemba, hupata joto baya sana kwa mtu anayefuga samaki ndani ya kioo. Jua la Tete, kule bara, ni kali kuliko letu. Lakini sisi tuna kaskazi, upepo unaokuja umejaa mvuke wa bahari, pamoja na mvua za msimu na usiku usiopoa vya kutosha. Tangi lililoamka na nyuzi 28 linafika 32 alasiri. Lisipopata nafuu usiku, kesho yake linaanzia juu zaidi.

Zipo mashine za kupoza maji ya tangi. Zinafanya kazi kama friji, na bei yake inaweza kuzidi ya tangi lenyewe pamoja na samaki wote waliomo. Tena joto linalotolewa majini haliendi mbali: mashine hulimwaga humo humo chumbani. Katika chumba kidogo chini ya mabati, mwenye nyumba analipa umeme ili apoze samaki na kujichemsha mwenyewe. Kwa nyumba nyingi za huku naona hiyo ni fedha iliyopotea. Njia ya bei nafuu ipo, na inafanya kazi vizuri, ila ina mpaka wake. Asiyeujua mpaka huo atanunua feni ya pili na ya tatu bila faida.

Tujue kwanza ni nini hasa kinachomuua samaki. Maji yanapopata joto, hewa ya oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani yake hupungua. Lita moja ya maji baridi ya kisima, yaani yasiyo ya bahari, hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 32 hubeba kama 7.3. Maji ya bahari hubeba pungufu ya hapo. Upungufu huo unaweza kuonekana mdogo, lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji anamoishi. Maji yakipanda, mwili wake unakwenda mbio na kudai oksijeni zaidi. Kwa makadirio ya jumla, mahitaji hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo anadai zaidi saa ile ile ambayo maji yana kidogo cha kumpa. Ukiona samaki wamepanda juu wote, midomo inagusa uso wa maji na mashavu yanapiga haraka, wanakosa pumzi.

Joto pia huongeza ukali wa amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Sehemu kubwa ya amonia hiyo huwa katika hali isiyomdhuru samaki sana, na sehemu ndogo ndiyo sumu. Maji yakiwa na pH ya 8, sehemu ya sumu ni kama asilimia 5.4 kwenye nyuzi 25, na hupanda hadi asilimia 7.5 kwenye nyuzi 30. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, wenye chokaa, na maji ya namna hiyo huelekea upande huo wa pH. Ndiyo maana siku za joto kali nusu ya chakula cha kawaida inatosha. Samaki mzima hafi kwa kulala na njaa siku moja.

Basi kazi ya kwanza, kabla hata ya kupoza, ni kuyatia maji hewa. Pampu ndogo ya hewa hutumia wati chache tu. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua hiyo.

Sasa tuje kwenye kupoza. Kila nyumba ya pwani inajua mtungi wa maji wa udongo. Upapase ubavuni mchana wa joto: una unyevunyevu, na maji ya ndani ni baridi kuliko hewa ya chumba. Maji hupenya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto la yale yaliyobaki. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua karibu kilojuli 2,400. Ili kushusha lita 100 za tangi kwa nyuzi 1 unahitaji kuondoa kilojuli kama 420. Maana yake, lita moja tu inayopotea hewani inaweza kulishusha tangi la lita 100 kwa zaidi ya nyuzi 5, kama hakuna joto jipya linaloingia.

Linganisha na barafu, ambayo ndiyo watu huikimbilia. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka, kisha maji yake yakapanda hadi nyuzi 29, imechukua kilojuli 455 hivi, yaani nyuzi 1 na kidogo kwa tangi hilo hilo. Lita moja ya maji iliyogeuka mvuke inafanya kazi ya kilo tano za barafu, na mvuke haununuliwi. Isitoshe, barafu hushusha joto ghafla. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, ukiitumbukiza kwenye tangi la lita 60, inaweza kulishusha karibu nyuzi 3, kisha joto linarudi barafu ikiisha. Panda shuka hiyo humchosha samaki kuliko joto lililotulia. Barafu iwe akiba ya dharura, ndani ya chupa iliyofungwa, chupa ndogo kila baada ya muda. Usitupe vipande vyenyewe majini, hasa vilivyogandishwa kwa maji ya bomba yenye klorini.

Kioo hakitoi jasho kama mtungi. Mvuke wa tangi hutoka juu tu, na wengi wetu tumepafunika hapo kwa kioo au ubao. Ondoa kifuniko, weka wavu wa matundu madogo ili samaki asiruke nje, kisha elekeza feni ndogo ipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji. Feni ya kompyuta ya volti 12 inatosha tangi dogo. Ikila wati 5 mchana na usiku, kwa siku nzima haifikishi hata uniti 0.15 ya umeme wa Credelec, na paneli ndogo ya sola yenye betri inaiendesha bila shida. Kama hiyo haitoshi, kopa ujuzi wa mtungi moja kwa moja: funga kapulana kuukuu, isiyochuja rangi, pande tatu za kioo, ncha yake ya chini iingie kwenye beseni la maji. Kitambaa kitavuta maji, feni itakikausha, na kioo kitapoa ubavuni pia.

Mpaka niliousema unawekwa na hewa. Hewa iliyokwisha jaa mvuke haipokei mwingine kwa urahisi, na hewa ya kaskazi imejaa. Chumba chenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 50 kinaweza kuyafikisha maji hadi nyuzi 24 hivi, kwa hesabu ya juu kabisa. Chumba cha nyuzi hizo hizo 32, unyevu ukiwa asilimia 75, hakiyashushi chini ya 28, hata uweke feni kumi. Unaweza kuupima mpaka wa chumba chako kabla ya kununua chochote. Chukua kipimajoto cha kawaida, funga ncha yake kwa kitambaa chepesi cha pamba kilicholowa, kiweke mbele ya upepo kwa dakika kumi, usome. Namba itakayotulia ndiyo kiwango cha chini ambacho feni yoyote inaweza kukufikishia saa hiyo, na tangi halisi litabaki juu yake kidogo. Fanya hivyo saa nane mchana, urudie saa kumi usiku, uone lini feni yako ina nguvu.

Kwa sababu hiyo madirisha yana maana kubwa. Feni ikipuliza ndani ya chumba kilichofungwa, mvuke unabaki humo na kuuzuia mvuke mwingine. Fungua upande wa bahari na upande wa pili, hewa ipite.

Kwa kuwa uwezo wa kuondoa joto una mpaka, lililo muhimu zaidi ni kulizuia lisiingie. Hapa ndipo naona watu wanapoteza mengi bila kujua. Mwanga wa jua unaopita dirishani na kupiga ubavu wa tangi unaweza kuingiza wati 200. Saa mbili za jua hilo ni kilojuli 1,440, zaidi ya nyuzi 3 kwa lita 100. Kusogeza tangi hadi ukuta wa ndani hakugharimu hata metikali moja. Pampu inayokaa ndani ya maji nayo huacha humo karibu umeme wote inaoula: wati 15 kwa siku nzima ni kilojuli 1,296. Taa za kizamani huyapasha maji joto kutoka juu. Taa ya LED hupunguza hilo, na siku za joto unaweza kuizima mchana na kuiwasha kwa muda wa saa moja tu jioni. Paa la makuti ni zuri kuliko mabati. Aliye na mabati anaweza kutandika makuti juu yake, au kutundika dari la mkeka juu ya kona ya tangi.

Mvuke unaoondoka ni maji matupu. Chumvi na chokaa hubaki. Mwenye tangi la bahari asijazie maji ya bahari, la sivyo chumvi itapanda siku hadi siku. Lita 100 zenye gramu 35 kwa lita, zikipungua lita 5, zimefika karibu 37. Jazia maji yasiyo na chumvi, na ya mvua ndiyo bora. Bahati nzuri mvua zetu huja msimu huo huo wa joto. Yakinge kwenye turubai safi la plastiki baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, na uepuke yanayotiririka kwenye mabati, kwa sababu zinki yake ni sumu kwa samaki.

Vitabu vingi vya Ulaya huagiza nyuzi 25, na wafugaji wa huku huhangaika kuzifuata. Bahari yetu yenyewe hufika 29 na hata 30 ifikapo Machi. Samaki wa matumbawe aliyekulia hapa anaijua 29. Matumbawe yenyewe ndiyo hayana nafasi ya kupanda zaidi, kama mwaka 1998 ulivyoonyesha yalipopauka pwani yote ya Afrika Mashariki. Kwa mwenye kipato kidogo ningesema aache matumbawe kabisa. Msumbiji ina samaki wanaostahimili joto. Perege wa Msumbiji, aliyeelezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1852, huvumilia maji yanayopita nyuzi 35, ingawa hukua na kuhitaji nafasi. Peters huyo huyo mwaka 1844 alieleza samaki mdogo wa vidimbwi vya mvua kutoka Quelimane, Nothobranchius orthonotus, na jamaa zake wapo pia kaskazini mwa nchi. Madume wana rangi za kupendeza sana. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hungoja mvua ndani ya tope. Kwa chombo kidogo, sioni samaki anayetufaa kuliko huyo.

Linabaki suala la umeme kukatika. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 na Chido cha Desemba 2024 viliangusha nguzo, na Chido kilikuja ndani ya msimu wa joto wenyewe. Umeme ukienda, acha kulisha mara moja, ondoa kifuniko, na kila baada ya muda chota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, yapige uso wa tangi na kuchukua hewa. Loanisha kapulana ya ubavuni, fungua madirisha. Zamu ya usiku isikose mtu, hasa kwenye tangi lenye mimea mingi: gizani mimea nayo hula oksijeni, na samaki wengi hufa kati ya saa tisa usiku na alfajiri. Pampu ya hewa ya betri, yenye betri mpya zilizowekwa pembeni tangu Novemba, itakuwezesha kulala.