Juu ya nini objektifu moja ya kamera inabeba vioo vingi?

Mwaka uliopita nilipeleka objektifu yangu kwa fundi. Ilikuwa imeota kuvu ndani, zile nyuzi nyeupe sawa utando wa buibui ambazo wapiga foto wa Goma na Bukavu wanazijua vizuri, juu ya unyevu wa kipindi cha mvua. Fundi aliifungua, akapangusa vioo, akairudisha. Pete moja ilikataa kuingia sawasawa, akaisukuma kwa nguvu. Nilipouliza, akacheka: "Muko na vioo 11 humu. Kimoja kikikaa kombo kidogo, vingine kumi vitakisaidia."

Jumamosi nikapiga foto za ndoa. Katikati kila kitu kilikuwa safi. Lakini mama ya bwana harusi, aliyesimama upande wa kushoto karibu kila foto, alionekana kama yuko nyuma ya moshi. Nilirudisha nusu ya pesa. Njo pale nilianza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza zamani: vile vioo vyote vinafanya kazi gani?

Chukua lupe, kile kioo cha kukuzia maandishi madogo. Simama mchana mbele ya ukuta mweupe unaotazamana na dirisha, halafu sogeza lupe polepole karibu na ukuta. Utaona dirisha lenyewe pale ukutani, limegeuka juu chini. Ile ni kamera tayari, ya kioo kimoja! Sasa angalia vizuri. Katikati picha iko safi, pembeni iko flu. Ukisogeza lupe ili pembeni pakae sawa, katikati panaharibika. Na mara nyingine, pale kivuli kinapokutana na mwanga, unaona mstari mwembamba wa rangi.

Makosa hayo hayatoki kwa mtengenezaji mubaya. Ni tabia ya kioo chenyewe. Mwanga mweupe umechanganya rangi zote, na kioo kinapindisha buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo rangi hazikutani mahali pamoja. Tena kioo cha duara cha kawaida kinapindisha zaidi mwanga unaopita ukingoni kuliko ule wa katikati. Na picha yenyewe inapenda kukaa kwenye umbo la bakuli, wakati filamu ao sensa ya kamera iko bapa kama sahani.

Dawa yake ni kuleta kioo cha pili chenye makosa ya kinyume. Kile cha kwanza kimevimba katikati, cha pili kimebonyea katikati. Lakini utasema: kama kimoja kinapindisha mwanga huku na kingine kinaurudisha kule, si tumebaki pale pale? Tungebaki, kama vioo vyote vingekuwa vya aina moja. Ujanja uko kwenye aina ya kioo. Kuna kioo kizito, cha zamani kilichanganywa na madini ya risasi, plombu ile ya betri za gari, ambacho kinatawanya rangi kuliko kioo chepesi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kioo chepesi kinapindisha mwanga kwa 10 na kinatupa deni la rangi la 2. Kioo kizito kinarudisha 5 peke yake, lakini kinalipa deni lote la 2. Tunabaki na 5 ya kupindisha, na rangi zimekutana. John Dollond wa London alipata hati ya haki ya kazi hiyo mwaka 1758, kwa ajili ya darubini, wakati foto haijazaliwa.

Foto ilipotangazwa Paris mwaka 1839, objektifu zake zilikuwa safi kiasi tu kama zimezibwa zikabaki na tundu dogo. Tundu dogo ni mwanga kidogo, na mtu alipaswa kukaa bila kutikisika kwa dakika nzima nzima. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu huko Vienna, alipanga vioo vinne vilivyopitisha mwanga zaidi ya mara kumi kuliko zile za mwanzo. Pembeni picha zake zilibaki flu, lakini uso wa mtu unakaa katikati, kwa hiyo kwa kupiga foto za watu ilitosha sana.

Baadaye kila mmoja alitafuta mpango wake. Dennis Taylor wa Uingereza mwaka 1893 alifika mbali kwa vioo vitatu tu. Paul Rudolph wa Zeiss, kule Jena, mwaka 1902 alitoa Tessar yenye vioo vinne. Leo ile Canon ya 50 mm f/1.8, ambayo wengi wetu tunaanza nayo, iko na vioo sita. Zumu inaomba zaidi, kwa sababu ukisogeza kutoka 18 mpaka 55 makosa yote yanabadilika, na lazima kundi la vioo litembee ndani ili kuyafuata. Hata simu yako iko na vioo vitano, sita ao zaidi mle ndani, mara nyingi vya plastiki.

Kwa hiyo basi, mbona wasijaze vioo 30 na kumaliza makosa yote? Kwa sababu kila uso wa kioo unarudisha nyuma karibu 4 kwa 100 ya mwanga. Vioo kumi vilivyoachana ni nyuso 20: mwanga unaofika hautimizi hata nusu, na ule uliorudi unazunguka ndani na kufanya nyeusi kuwa kijivu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alipata namna ya kupaka utando mwembamba sana unaopunguza hasara hiyo. Ile rangi ya zambarau ao kijani unayoiona mbele ya objektifu njo huo. Ukipangusa vumbi nyeusi ya Goma kwa ncha ya shati, huo ndio unaukwaruza. Puliza kwanza.

Fundi wangu, basi, alikuwa amekosea kabisa. Vile vioo vingine kumi havimsaidii aliyekaa kombo. Vimehesabiwa kulipa deni lake akiwa mahali pake, na akihama hata kidogo, hesabu ya wote inaharibika.

Kama unanunua objektifu ya okazio, bandika gazeti ukutani, simama ukiielekea sawasawa, fungua tundu lote, piga, kisha kuza picha na uangalie pembe nne. Zote nne zikiwa flu kidogo, ni kawaida. Moja ikiwa flu peke yake na tatu safi, kuna kioo kilichohama. Yangu ni ya chini kushoto. Bado naitumia, lakini kwa foto za pasi tu.