Kamera nyepesi kwa askari aendaye likizo

Kazi ya ulinzi haina makao ya kudumu. Leo askari yuko kambini, kesho yuko mpakani, kesho kutwa amepelekwa kozi au amehamishiwa wilaya asiyoijua. Siku anazokaa na watu wa nyumbani kwake ni za kuhesabu, na zikipita hazirudi. Mtoto aliyeachwa akitambaa hukutwa akikimbia. Mzazi aliyeagwa akiwa na nguvu hukutwa ameshika mkongojo. Kwa watu wa namna hii picha si pambo la sebuleni tu. Ni sehemu ya nyumbani ambayo askari aweza kuichukua na kuondoka nayo.

Kwa sababu hiyo askari na polisi wengi hutamani kununua kamera. Lakini tumeona mara nyingi kwamba kamera inunuliwayo kwa fahari, yenye lenzi ndefu na mkoba mkubwa, hutumika majuma mawili ya kwanza, kisha hulala sandukuni. Haikuharibika. Ni nzito, na mwenyewe amechoka kuibeba. Katika makala haya twataka kumweleza ndugu msomaji jinsi ya kuchagua vyombo vyepesi vitakavyomfaa safarini, kwa maana kamera iliyo bora ni ile iliyopo mkononi jambo linapotokea.

NATEETE, MLANGO WA MAGHARIBI

Na tuchukue mfano wa Nateete, katika Divisheni ya Rubaga, kilomita kama 6 kutoka katikati ya jiji la Kampala. Hapa ndipo inapopita barabara ya Masaka, na askari wengi wenye kwao Mpigi, Masaka, Mbarara na kwingineko magharibi huipita njia hii waendapo likizo. Ni mahali pa historia pia. Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa misheni ya Kanisa la Uingereza, alifika Buganda mwezi wa Novemba 1878, na misheni yake ikakaa hapa Nateete. Kanisa lenye jina lake lipo hata leo.

Msomaji na ajifikirie amesimama kituoni Nateete saa mbili za asubuhi. Mkono mmoja umeshika begi la nguo, mwingine umeshika zawadi za wazee. Boda boda zinapita mbele na nyuma. Teksi ya abiria 14 imekwisha kujaa watu 12, na utingo anaita kwa sauti. Ndani ya teksi hiyo mzigo wa ziada hukaa juu ya magoti. Basi hapo ndipo mahali pa kupimia kamera, wala si kwenye meza ya duka. Kama chombo hakiwezi kukaa katika mfuko wa koti au mkoba mdogo wa begani, na kutolewa kwa mkono mmoja, hicho si chombo cha safari ya namna hii. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuza kamera hataubeba mzigo huo. Atakayeubeba ni wewe.

UZITO ULIVYOWASHINDA WALIOTANGULIA

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1860 Waingereza wawili wenye vyeo vya kijeshi, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walianza safari kutoka Unguja kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na vyombo vya kupigia picha, na picha alizopiga Unguja mwaka huo ni miongoni mwa zile za kale kabisa za kisiwa hicho. Lakini upigaji picha wa zama hizo ulikuwa adhabu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kamerani kingali kibichi, na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka, na yote hayo yalifanyika ndani ya hema dogo lenye giza na joto kali. Kazi hiyo ilitishia afya yake, akaiacha, akashika kalamu na kuchora. Kwa hiyo walipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, kumbukumbu waliyoichukua ya Buganda ilikuwa ya michoro. Uzito na usumbufu wa vyombo ndio uliotunyima picha za kamera za mwaka ule.

Aliyeugeuza mwendo wa mambo ni fundi mmoja Mjerumani, Oskar Barnack, wa kiwanda cha Leitz katika mji wa Wetzlar. Barnack alikuwa na ugonjwa wa pumu, na alipenda kutembea mashambani akipiga picha, lakini kamera kubwa ya vioo ilimshinda. Akaichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, akaunda kamera ndogo ya kuitumia, yenye picha ya milimita 24 kwa 36. Kiwanda chake kilianza kuiuza mwaka 1925 kwa jina la Leica. Fikira yake ilikuwa negativu ndogo itoe picha kubwa. Kwa hakika kamera nyingi za safari za leo ni wajukuu wa fikira hiyo.

TUHESABU KWA GRAMU

Askari amezoea kupima mzigo wa mgongoni, kwa hiyo na tuhesabu. Kamera ya Canon EOS 5D Mark IV, chombo cha kazi kilichotoka mwaka 2016, ina gramu 890 pamoja na betri na kadi. Ukiongeza lenzi yake nzito ya milimita 24 hadi 70, gramu 805, na ile ndefu ya milimita 70 hadi 200, ambayo ni karibu kilo moja na nusu, jumla yazidi kilo 3. Huo ni uzito wa karibu bunduki ya AKM isiyo na magazini. Mpiga picha wa gazeti aweza kuuvumilia kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtu aendaye kumwona mama yake hana haja nao.

Sasa tazama upande wa pili. Olympus OM-D E-M10 Mark IV, iliyotoka mwaka 2020, ina gramu 383. Lenzi yake nyembamba ya milimita 14 hadi 42 ina gramu 93, na lenzi ndefu ya milimita 40 hadi 150 ina gramu 190. Jumla ni gramu 666. Kwa vyombo hivyo vitatu mtu aweza kupiga picha ya ua mzima wa nyumba na watu wake, kisha akamvuta karibu ndege aliye juu ya mti katika mbuga ya Ziwa Mburo. Atakaye wepesi kuliko huo aweza kutazama Ricoh GR III ya mwaka 2019, yenye gramu 257 na lenzi moja isiyobadilishwa, ambayo huingia mfukoni kabisa. Wala hatusemi hizi ndizo pekee zifaazo. Tumezitaja ili msomaji apate kipimo cha kulinganishia.

Sababu ya wepesi huo ni mbili. Kwanza, kamera hizi hazina kile kioo cha ndani kilichokuwa kikipeleka taswira kwenye jicho la mpigaji. Jicho hutazama kiwambo. Pili, kipokea mwanga, ambacho mafundi hukiita sensa, ni kidogo. Ile Olympus ina sensa ya milimita 17.3 kwa 13, na sensa ndogo yahitaji lenzi ndogo. Lakini hapana kizuri kisicho na gharama. Sensa ndogo hupokea mwanga mchache, na gizani picha huanza kuwa na chenga.

MWANGA WA KWETU

Gharama hiyo twaweza kuipunguza kwa kuchagua lenzi vizuri. Sisi twaishi karibu na Ikweta. Alama yake ipo Kayabwe, kwenye barabara hii hii ya Masaka, na wasafiri wengi husimama hapo kupiga picha. Huku jua likishatua, nuru hubaki kama dakika 20 tu, kisha ni usiku. Na ni saa hizo za jioni ndipo jamaa hukusanyika, chakula huandaliwa, na mgeni aliyetoka mbali huzungumza.

Kila lenzi ina namba ya tundu lake. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga uingiao ni mwingi. Lenzi yenye namba 1.8 hupokea mwanga karibu mara kumi kuliko iliyofungwa kwenye namba 5.6. Kwa hiyo atakayepiga picha za nyumbani jioni aiache lenzi ndefu na badala yake achukue lenzi moja fupi ya namba 1.8. Kwa kamera ile ya Olympus, lenzi ya milimita 25 ya namba hiyo ina gramu 137 tu.

Jambo jingine ni nyuso zetu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye mwanga mkali, kamera hupima weupe huo, ikapunguza mwanga, na uso ukatoka kama kivuli. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja, au kumhamishia mtu kivulini chini ya mwembe. Hilo halina uzito wala bei, na laokoa picha nyingi kuliko lenzi ya thamani.

Katika mkoba na ziwemo pia betri mbili za akiba, kadi mbili za kumbukumbu, kitambaa laini, na mfuko wa nailoni wa kukingia mvua na vumbi. Atakayenunua kamera iliyotumika na amulike ndani ya lenzi kwa tochi atafute ukungu, kwa kuwa unyevu wa pande za ziwani huuotesha. Kadi naye aijaribu kwa kuijaza yote kabla ya safari, maana ziko za bandia zidaizo ukubwa zisiokuwa nao.

JE, SIMU HAITOSHI?

Wengi watauliza swali hili, na ni swali la haki. Mchana, kwa picha ya watu waliosimama karibu, simu nzuri yatosha, na mwenye fedha chache asione haya kubaki nayo. Huelemewa pale penye giza, penye mwendo, na penye kitu kilicho mbali. Pia betri yake ni moja kwa kazi zote. Mtu aliyemaliza chaji kwa picha njiani hawezi kupiga simu kwamba teksi imeharibika Lukaya.

Kwa askari na polisi liko jambo zito zaidi. Simu nyingi huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa na saa yake. Mwezi wa Januari 2018 dunia nzima iliona jinsi ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilivyofichua njia wanazokimbilia askari katika kambi za nchi mbalimbali. Hakuna jasusi aliyeingia kambini. Askari wenyewe ndio waliozichora njia hizo kwa vifaa vyao. Basi, iwe simu au kamera, zima chombo cha kuandika mahali. Usipige lango la kambi, kizuizi cha barabarani, silaha, wala namba za magari ya kazi. Kamera ya likizo ibaki ya likizo.

Na raia naye ana haki zake. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 27, yalinda faragha ya mtu. Mama auzaye nyanya katika soko la Nateete aombwe kwanza. Mtu mwenye sare, hata akiwa amevaa shati la nyumbani, yampasa kuwa wa kwanza kuomba. Hapo tena kamera ndogo yafaa, kwa kuwa haimtishi mtu.

MALI BILA DAFTARI

Tumalize na utunzaji, kwani picha isiyotunzwa ni kama haikupigwa. Wakaliga, jirani na Nateete, yuko mtengeneza filamu Isaac Nabwana, ambaye mwaka 2010 alitoa filamu iitwayo *Who Killed Captain Alex?*, kisa cha kapteni wa jeshi apambanaye na genge la wahalifu. Ilitengenezwa kwa vyombo duni na fedha kidogo mno, ikatazamwa na watu wengi duniani. Lakini nakala ya asili haipo. Ilifutwa katika kompyuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine, na kilichobaki ni nakala ya ubora wa chini.

Linganisha na negativu zipatazo 70,000 zilizopatikana katika Shirika la Utangazaji la Uganda mwaka 2015. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, zikawekwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na jambo lililopigwa. Ijapokuwa miaka mingi ilipita, mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na watu wakaitazama historia ya nchi yao, pamoja na machungu yake, kwa macho yao wenyewe. Bahasha na kalamu ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Askari naye na afanye vivyo hivyo. Kabla likizo haijaisha, picha ziwe mahali pawili: nakala moja ibaki nyumbani, nyingine aondoke nayo. Achague chache, azichapishe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja aandike majina, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uso usioandikwa jina huwa wa mgeni kwa wajukuu.

Kwa hiyo msomaji aliyekwisha kupata hati ya likizo na apange mkoba wake leo: kamera moja, lenzi moja au mbili, betri, kadi, kalamu. Kisha autundike begani, atembee nao saa nzima. Ukimchosha, apunguze kitu kabla hajafika kituoni.