Muzazi anasoma chuo kikuu: minervali, pesa ya mutoto na haki zenye watu hawaulizaka

Saa kumi na moja ya asubui mama mmoja wa Kadutu ameshaamuka. Anaosha mutoto, anapika uji, anamuacha kwa nyanya yake, kisha anashuka kwa miguu mpaka ku chuo. Saa nane anapanda tena, anaenda kuuza unga ku soko mpaka giza. Jina lake hatuliandike, juu si yeye peke yake: kila promosyo iko na wazazi kama yeye. Na wababa pia wako, kama wale wamotari wenye wanabeba abiria muchana kutwa na jioni wanaingia darasani.

Swali lao liko moja: serkali inanisaidia kitu gani? Jibu ni kwamba inasaidia kidogo. Lakini hicho kidogo nacho, wengi hawakichukue juu hawakijue.

Tuanze na masomo. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Zaïre, mwanafunzi alikuwa anapata burse ya serkali. Leo, mwanafunzi wa kawaida wa Bukavu, Bunia ao Kindu hana burse ya serkali, na hakuna mukopo wa serkali wenye anaweza kuomba na kulipa kisha kupata kazi. Minervali inatoka ku mufuko wa familia. Mara nyingi inahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa vipande, na mwenye hajalipa kipande chake anaweza kukatazwa kuingia ku mitihani.

Kwa mzazi, kibaya zaidi ni kwamba pesa zote zinaitwa wakati mmoja. Mwezi wa tisa watoto wanarudi masomo, na kisha muda kidogo chuo nacho kinaanza kuomba. Masomo ya bure yenye ilianza Septemba 2019 inahusu shule za msingi za serkali tu. Mutoto wa miaka mine mwenye iko ku shule ya watoto wadogo, ao mukubwa wa sekondari, huyo utamulipia. Hesabu yako ifanye mbele ya mwezi wa tisa, si ndani yake.

Hapo ndipo likelemba na AVEC zinaingia. Watu wanazichanganya, lakini haziko kitu kimoja. Ku likelemba kila mutu anatoa kiasi sawa, na mumoja anabeba yote kwa zamu yake; basi omba zamu yako ianguke ku juma la minervali. AVEC inaweka akiba ku sanduku, inakopesha memba kwa faida kidogo, na mwisho wa mzunguko wanagawanya. Mukopo wa AVEC unaweza kulipa kipande kimoja cha minervali, ila uanze kuurudisha mbele ya kipande cha pili kufika. Ukikosa, usingoje kufukuzwa mulangoni. Andika barua ya kuomba muda, ipeleke kwa administrateri wa bajeti, ubakie na kopi yenye muhuri. Na borodero ya malipo usiitupe. Kisha benki kufungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wengi walianza kulipia ku telefone: ule ujumbe wa malipo ndiyo borodero yako, uuandike ku karatasi mbele telefone iibiwe.

Sasa pesa ya mutoto, yenye watu hawasemeake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii ilianza kutumika 2018, na INSS ya zamani ikageuka CNSS. Ndani yake muna tawi la familia: pesa ya watoto, pesa ya mimba, na malipo ya siku za uzazi. Wakati wa INSS pesa ya watoto ilikuwa inatolewa Katanga tu; sheria mupya iliipeleka inchi nzima. Muchango wa tawi hilo ni 6,5 % ya mushahara, na wote unatoka kwa mwajiri. Ku mushahara wako inakatwa 5 % tu, ya pensheni.

Lakini elewa vizuri: haki hiyo inapita ku kazi, haipite ku masomo. Mwanafunzi mwenye anauza unga hayumo. Kama wewe ao bwana yako ni mulinzi, mwalimu wa shule ya binafsi ao mufanyakazi wa shirika, uliza ofisini: nimeandikishwa CNSS? Nambari yangu ni gani? Waajiri wengi hawapendi hilo swali. Uliza tu. Wafanyakazi wa serkali wako na kasa yao nyingine, CNSSAP.

Mama mwenye kazi, sheria ya kazi inamupa majuma 14 ya kupumuzika uzazi, na theluthi mbili za mushahara. Mama mwanafunzi hawezi kutumia hiyo sheria mbele ya profesa. Yeye aende mapema, tumbo likiwa bado dogo, azungumuze na fakilte yake juu ya sesyo ya pili. Mufumo wa LMD unamusaidia hapa kuliko ule wa zamani: mwaka ni krediti 60, semestri 30, na krediti zenye umeshapata zinabakia zako. Ukizaa katikati ya semestri haumaanishe umepoteza mwaka wote.

Kuzaa bila kulipa ilianza Kinshasa Septemba 2023 na ikapanuliwa ku majimbo mengine kidogo kidogo. Si kila santa ya afya imo. Uliza yako mbele ya mwezi wa mwisho.

Halafu kuna karatasi moja yenye bila yake mengine yote yanakwama: hati ya kuzaliwa. Andikisha mutoto ku etasivili ndani ya siku 90, ni bure. Zikipita, utapelekwa tribinali kutafuta hukumu, na hapo utalipa na kupoteza siku zenye ungesoma. Baba mwenye hakuoa mama naye aende pale kumutambua mutoto wake. Akishafanya hivyo, mama anapata nguvu ya kumudai chakula na masomo ya mutoto mbele ya tribinali, hata kama wamekosana na hawaongee tena.